Mama Aliyefia Ubaoni

Ukifika Kalemie ukauliza, "Mwalimu Gérard anakaa wapi?" watu watakuangalia tu. Akina Gérard ni wengi mjini. Lakini uliza Mwalimu Mifupa, hata mama anayekaanga mandazi kwenye kona ya soko atainua mwiko wake akuonyeshe njia: panda kilima, pita kanisa, nyumba yenye mlango wa bluu. Jina hilo alilipata kazini na alilipenda sana, mpaka siku lilipomkwama kooni. Ndiyo habari ninayotaka kuwapa, na msiniharakishe, maana ina aibu, na habari ya aibu haimezwi mara moja.

Gérard anafundisha Kifaransa darasa la sita la sekondari, lile la mwisho, lenye mtihani wa Serikali. Katika mtihani ule, watoto wanaogopa kitu kimoja kuliko vyote: insha. Unapewa kichwa cha habari, unapewa karatasi nyeupe, na kijana mwenye ndevu zake anaanza kutoka jasho. Kabla ya Gérard, walimu waliwaandikia ubaoni mpango mmoja wenye namba na herufi ndogo chini ya herufi kubwa. Watoto wakaukariri wote, na insha zote zikaanza na maneno yale yale: "Siku hizi za leo." Kichwa kiwe ndoa, kiwe mpira, kiwe magonjwa, "Siku hizi za leo." Mwaka wake wa kwanza Gérard alisahihisha rundo zima la siku hizi za leo, akatamani kuzitupa ziwani.

Basi akaleta njia yake.

"Fungeni madaftari," aliwaambia. "Kalamu chini. Kila muntu anipe maneno mane tu ya jambo lililomupata. Kwa Kiswahili, kwa Kiluba, kwa Kibembe, kwa luga unayoota nayo. Kifaransa tutakivalisha kisha."

Kijana mmoja akasimama akajikuna kichwa. "Kinga. Kilima. Freni. Ukuta." Darasa zima likaangua kicheko, kwa sababu kila mtu alikwisha kuiona kinga, yaani baiskeli, ikishuka na mwenyewe akipiga kelele.

"Mumeona?" akasema Gérard. "Hiyo njo mifupa. Samaki akikosa mifupa, anakuwa uji. Sasa uliza kila mufupa: nani alikuwapo? Kulikuwa kunanuka nini? Ulisikia nini? Majibu yake njo nyama. Na mufupa wa mwisho ukiona njo unauma zaidi, ukamate, uuweke mbele. Hakuna namba hapa, hakuna polisi."

Aisee, watoto waliandika! Wale waliokuwa wakishindwa kujaza nusu ukurasa wakaanza kuomba karatasi nyingine. Walifuta, walipiga mishale, walihamisha mifupa huku na huku, kisha ndipo wakaandika kwa Kifaransa safi. Mkaguzi alipokuja akakuta Kiswahili kwenye ubao wa Kifaransa, alitikisa kichwa. Matokeo ya mtihani yalipotoka akaacha kutikisa. Hayo nayasema ili mjue kwamba Gérard si mwalimu mbovu. Mwalimu mbovu asingekuwa na habari ya kusimuliwa.

Tatizo lilikuwa mfano. Ukifundisha mifupa, lazima uonyeshe ya kwako kwanza, la sivyo watoto hawatatoa ya kwao. Na kila mwaka Gérard aliandika ubaoni maneno manne hayo hayo, moja chini ya lingine:

Samaki. Shule. Boti. Kufa.

Kisha anageuka, anapangusa chaki mikononi, na kuanza kuvalisha nyama. Samaki: huyo ni mama yake, Mama Louise wa Zongwe, kule pwani ya ziwa ukielekea Moba, ambaye alikuwa akianika ndakala, dagaa wa ziwa letu, juu ya mchanga na kuzigeuza kwa mkono, mpaka viganja vyake vikawa na magamba. Shule: baba alipofariki, ndugu walisema mtoto aende kuvua, mama akasema huyu ataenda kusoma, na akabaki na maneno yake hayo hata walipomnunia. Boti: asubuhi mwanawe alipopanda kwenda Kalemie, mama aliingia majini na nguo zake, akaishika boti ukingoni, akatembea nayo mpaka maji yakamfika kifuani. Ndipo akaiachia.

Yote hayo ni kweli tupu. Nani angeweza kuyabuni?

Halafu anafika kwenye mfupa wa nne. Hapo Gérard anashusha sauti. "Nilikuwa bandarini," anasema, "siku boti ilipoleta habari. Sikuwa nimemupelekea hata kitenge kimoja." Anaangalia dirishani. Wasichana wanajifuta macho, na mkubwa wa darasa anasema taratibu, "Tusimame." Wanasimama wote, vichwa chini, kumpa Mwalimu pole. Na baada ya pole ile, kila mtoto huandika kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Sasa niwaambie. Mama Louise hakufa.

Mnaniangalia nini? Hakufa. Alikuwa Zongwe, mzima, akigeuza ndakala zake.

Msifikiri Gérard alimchukia mama yake. Heri angemchukia, tungejua la kusema. Alipoanza kazi aliahidi kwenda likizo ya kwanza. Likizo ya kwanza mtoto wake akaugua. Ya pili, ziwa lilichafuka, watu wakazama, akaogopa. Ya tatu hapakuwa na kisingizio, lakini alijiambia: nitafika mikono mitupu baada ya muda wote huu, nitasema nini? Afadhali ningoje nipate kitu cha kubeba. Akangoja. Na aibu ni kama deni la pombe, haikai pale ulipoiacha. Ya mwaka huu ikazaa ya mwaka ujao. Zongwe simu inashika ukipanda kilima tu, na jirani aliyekuwa na simu Gérard aliacha kumpigia, maana kila mara aliulizwa, "Unakuja lini?" Mkewe, Mélanie, aliuliza pia. "Pasaka," Gérard alimjibu. Pasaka zikapita, Mélanie akachoka kuuliza.

Na siku moja darasani, miaka mingi nyuma, akiwa kwenye mfupa wa boti, mwanafunzi alimuuliza kwa upole tu, "Na sasa mama yako iko wapi, Mwalimu?" Gérard alifungua mdomo aseme Zongwe. Akajua swali litakalofuata: anaendeleaje? Naye hakujua anaendeleaje. Mbele ya watoto waliokwisha kumpenda mama yule kwa dakika kumi kuliko yeye kwa miaka, akaona haya, akasema, "Alikufa." Basi. Neno moja. Darasa likasimama lenyewe kumpa pole, jioni Prefe, mkuu wa shule, naye akaja kumpa mkono, na insha za mwaka ule zikawa nzuri kupita zote. Mwaka uliofuata aliliandika ubaoni kama mfupa.

Mwaka huu mwanafunzi mpya alikuja darasa la sita. Jina lake Abigaël. Wazazi wake ni Wabembe, wavuvi waliofuata samaki kutoka pwani ya kaskazini wakahamia kusini. Kalemie amefikia kwa shangazi yake ili amalize masomo. Msichana mpole, anakaa benchi ya pili, anajibu akiulizwa tu. Gérard hakujua kusini ni wapi, wala hakumuuliza. Yeye aliyefundisha watu kuuliza!

Siku ya somo la mifupa, Gérard aliandika maneno yake manne, akasimulia samaki, shule na boti, akashusha sauti, akafika kwenye kufa. Alipokuwa akiangalia dirishani kama kawaida yake, alisikia benchi ikilia. Abigaël alikuwa amesimama.

"Mwalimu, samahani. Mama Louise gani? Ule wa karibu na kanisa? Mwenye kovu hapa?" Akagusa nyusi yake ya kushoto.

Gérard aligeuka kutoka dirishani. Kovu lile alilifahamu, lilitokana na kasia.

"Njo yeye," alisema.

"Amekufa? Mwalimu, lini? Nilimuacha muzima mwezi wa tisa! Njo yeye alinipa ndakala za njiani. Aliniambia, ukifika kule umusalimie mutoto wangu, ni mwalimu mukubwa. Mi sikujua kama njo wewe!" Na machozi yakaanza kumtiririka.

Angeweza kusema. Hata sasa nikifikiri nakasirika, maana nafasi ilikuwa wazi kama mlango. "Hapana, mwanangu, ni mfano tu." Lakini watoto arobaini walikuwa wakimwangalia kwa macho mekundu, machozi waliyoyatoa kwa ajili yake, naye akaona yatamgeukia.

"Ni juzijuzi," alisema. "Kazi ya Mungu."

Abigaël alipiga yowe la msiba, lile la kwao la kweli, siyo kilio cha darasani. Wenzake wakamshika. Nyuma kabisa alikaa kijana mmoja, Jovial, aliyerudia darasa, ambaye alikwisha kusikia kifo hicho mwaka jana na akasimama na wengine kutoa pole. Alikunja uso, akamwangalia Mwalimu, kisha akaangalia ubao. Gérard aliliona lile jicho. Alitoka darasani kengele haijalia.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu haikuvuka hata wiki. Saa zile zile za mchana Abigaël alishuka ufukweni, akawapa habari watu wa boti inayokwenda kusini. Wale walishangaa, lakini nani atabisha kilio cha mtoto mwenyewe? "Mwanawe mwenyewe amesema," wakaambiana. Boti ile inasimama kila kijiji, na kila kijiji Mama Louise ana ndugu au mtu aliyemuuzia ndakala.

Gérard hakujua hayo. Alijua tu kwamba bukari, yaani ugali, anaiacha sahanini. Mélanie aliuliza una nini, akasema malaria. Akakaa na karatasi ili ajipange atakavyomwambia Abigaël, akatumia njia yake mwenyewe: Mama. Muzima. Uongo. Samahani. Mifupa minne, mizuri, imenyooka. Akajiuliza maswali yake: nani alikuwapo? Ulisikia nini? Nyama ikakataa kushika. Kila jibu lilikuwa linanuka. Akaichana karatasi, akasema Jumamosi. Jumamosi akasema Jumatatu. Mnamfahamu sasa.

Alhamisi asubuhi alikuwa akifundisha sehemu ya pili ya somo, namna ya kutoka kwenye mfupa hadi kwenye sentensi, na mkubwa wa darasa alikuwa ameyaandika tena maneno yale manne ubaoni kwa mwandiko wake mzuri. Biro ya Prefe, yaani ofisi yake, iko ng'ambo ya uwanja, hatua chache, na dirisha la darasa halina kioo. Gérard akasikia sauti ya mwanamke ikipiga hodi. Mgongo wake ukaitambua kabla ya masikio.

"Karibu, Mama. Unatafuta nani?" Hiyo ni sauti ya Prefe.

"Aksanti, Papa. Namutafuta mutoto wangu, Gérard. Nimesikia analia."

"Analia?"

"Watu wamemudanganya kama mi nimekufa. Nikasema, jamani, mutoto analia bure, pengine hata hali chakula. Nikapanda boti nije anione na macho yake, anyamaze."

Jamani, Gérard alishika ukingo wa meza. Yule mama alisafiri ziwani, katika umri ule, kuja kumbembeleza. Hakushuku hata kidogo. Haikumpitia akilini kwamba aliyemuua ndiye aliyekuwa akimlilia.

Prefe alicheka kwanza, kisha akaacha. Ni mtu mwema, hana ubaya. "Mama, pole sana. Pengine umekosea shule. Mama ya Gérard wetu alikufa zamani, ni miaka sasa. Mi mwenyewe nilimupa mukono. Hata wanafunzi anawafundishaga na kifo chake, kila mwaka. Watoto wanalia!"

Gérard alisogea dirishani. Alimwona mama yake amesimama juani, mdogo kuliko alivyomkumbuka, beseni kichwani lenye gunia dogo, mkono mmoja umelishika. Kovu lilikuwa mahali pake. Aliona uso wake ukitafuta, ukitafuta, halafu ukapata. Unajua mtu anapoelewa kitu ambacho hakutaka kukielewa? Midomo inajifunga yenyewe. Gérard alingoja alie, au amlaani. Alitamani amlaani.

"Aa," alisema Mama Louise. "Kumbe umeelewa vibaya, Papa. Mi ni mama yake mudogo. Mi na marehemu tulinyonya titi moja. Kwetu tunasemaga tu mutoto wangu, mutoto wangu. Niko naleta unga wa kilio."

"Aa! Mama mudogo! Karibu, karibu," akasema Prefe, akafurahi kwamba mambo yamenyooka, na akamleta darasani mwenyewe.

Nawaambia kweli, kama ardhi ya Kalemie ingepasuka Gérard angeingia na viatu vyake. Mama yake aliingia, akashusha beseni, akamwangalia mara moja tu, kwa upole, kama anayemwambia usiogope, nimekwisha kuifunika aibu yako. Halafu akaangalia chini.

"Watoto," akasema Prefe, "huyu ni mama mudogo wa Mwalimu wenu. Ametoka kijijini, na kilio chao bado."

Mkubwa wa darasa akasema, "Tusimame." Darasa likasimama, vichwa chini, kumpa Mama Louise pole kwa ajili ya Mama Louise.

"Aksanti, wanangu," alisema. "Amepumzika."

Ambaye hakuinamisha kichwa ni Abigaël. Alikuwa amefungua mdomo na mikono iko kifuani. Alimwangalia yule mama, akamwangalia Mwalimu, na Gérard akaona furaha ya kumwona mtu hai ikianza usoni mwa msichana, kisha ikigeuka kitu kingine ilipomfikia yeye. Mtoto mwenye adabu hamwiti mkubwa mwongo. Aliketi polepole, akaficha uso kwa mikono.

Ni jambo hilo lililomvunja, au ni lile neno "amepumzika", sijui. Gérard mwenyewe hajui mpaka leo. Alisikia sauti yake ikitoka, kavu, isiyo na ile mishushio mizuri ya kila mwaka.

"Kaeni chini. Prefe, usiende kwanza. Huyu si mama yangu mudogo. Huyu njo Mama Louise. Hakukufa. Kama aliuguaga hata, mi sijui. Mi njo nilimuua, hapa," akagonga ubao, "kila mwaka, kwa sababu niliona haya kusema kama siendi kumuona. Munisamehe. Abigaël, unisamehe. Hukukosea wewe."

Hakuna aliyesimama safari hii. Prefe alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Tutaonana biro," alisema, akatoka, na hakumpa mtu mkono. Gérard aligeuka, akafuta neno la nne kwa kiganja, si kwa kitambaa. Halikutoka lote, chaki ilikuwa imeingia ndani ya ubao miaka yote ile mahali pale pale. Akasugua mpaka mkono ukawa mweupe.

Nyuma Jovial akainua mkono. Kijana huyo hana simile, lakini safari hii hakuwa anachokoza, aliuliza kama mwanafunzi. "Sasa, Mwalimu, mufupa wa nne tuweke nini? Samaki, shule, boti. Kisha?"

Gérard alifikiri atapata neno. Alisimama na chaki akangoja lije, yeye Mwalimu Mifupa. Baada ya boti ile, maisha ya mama yake hakuyajua hata mfupa mmoja. Ikambidi amgeukie mbele ya watoto wote na kumuuliza, kama mgeni.

"Mama. Kisha boti, uliendelea namna gani? Nyumba ni ile ile?"

"Nyumba iliendaka na maji," alisema Mama Louise. "Ziwa lilipopanda. Niko juu sasa, kwa watu wa kanisa. Hujasikia?"

"Sijasikia, Mama."

"Ee. Na jicho hili haliangaliagi vizuri tena. Ndakala nageuza, lakini mutoto wa jirani njo ananiambia kama zimekauka." Kisha, labda kwa sababu aliona watoto wanamhurumia mno na wanamwangalia mwanawe vibaya, akabadili sauti. "Lakini kilio changu kilikuwa kizuri! Mungekuwako, mungecheka. Niko ufukweni, nasikia wanawake wanakuja na mayowe kwenye mitumbwi mitatu. Nikatupa kikapu, nikajifunga kitambaa, nikaanza na mi kulia. Nikakimbia kuwapokea: wuuu, nani ametuacha? Wananiambia: Louise! Nikalia sana. Nikauliza Louise gani?"

Darasa likalipuka. Hata Abigaël alicheka katikati ya machozi. Mama Louise naye alicheka, meno yake mawili ya mbele yakionekana. Alikuwa anamfunika tena, safari hii kwa kicheko, na Gérard aliyejua hilo peke yake alisimama ubaoni uso ukimwaka moto. Kitu pekee alichoweza ni kutohamisha macho.

"Walikuja na unga," aliendelea. "Nikawaambia rudini nao, mimi huyu muzima. Wakakataa. Unga wa kilio haurudiagi ulikotoka, inaleta kifo cha kweli. Lazima uliwe. Wakasema, basi umupelekee mwenye kilio."

Hakuna mtoto aliyeandika siku ile, na Gérard hakuwaambia waandike. Nafasi ya neno la nne ilibaki na doa jeupe. Huko bironi kulikuwa na maneno, na ni makali, na Prefe alikuwa na haki. Jioni mji mzima ulikuwa umejua. Mama wa mandazi sasa akiinua mwiko kuonyesha njia, anaongeza na mengine. Hayo ni malipo, hatuyalilii.

Nyumbani, Mélanie alipomwona mkwewe mlangoni alimkumbatia, kisha akamwangalia mumewe kwa jicho ambalo sitalieleza. Mama Louise alifungua gunia mwenyewe. Ulikuwa unga mweupe wa muhogo, wa mikono mingi tofauti, mwingine laini, mwingine una chenga. Mélanie akasonga bukari, akaweka na ndakala zilizotoka beseni hilo hilo. Watoto wa Gérard waliketi wakimkodolea macho bibi waliyezoea kumsikia kwa jina tu, na mdogo kati yao akauliza kama atakaa siku nyingi.

Walinawa. Mama Louise akakata tonge, akachovya, akala. Watoto wakala. Gérard alikuwa na mikono juu ya magoti.

"Mama," alisema, "unipige. Unitukane hata kidogo."

"Kesho," alisema mama yake. "Leo nimechoka na boti." Akamkatia tonge kwa mkono wake wenye magamba, akamsogezea kama unavyomlisha mtu aliyefiwa anapokataa chakula. "Kula, mwanangu. Mi sina kilio. Mwenye kilio njo wewe."